Nyumba Tuliyowajengea Mbuzi

Enzi zetu bati lilinunuliwa moja moja, na kijiji kizima kilijua umefikisha la ngapi. Baba akirudi kutoka sokoni na bati limefungwa kwenye baiskeli, linapiga kelele njia nzima, kina mama walisimama mashambani na majembe yao kuhesabu. "Hilo la tisa," walisema. Au, "Hao bado sana." Ninyi mliokulia Tarime vijijini kipindi kile mnajua ninachosema. Leo kijana anachagua rangi kwenye simu, jioni gari linashusha mzigo wote, halafu anakuambia maisha ni magumu.

Kwetu Genkuru nyumba ilikuwa ya udongo na nyasi, vyumba viwili, na nyasi zenyewe zilishachoka. Kona ya kulia, tulipolala mimi na mdogo wangu, ilikuwa inavuja kila masika, na kila masika tulihamisha ngozi ya kulalia kuelekea katikati mpaka tukawa tunalala miguuni mwa wazazi. Mama alisema nyumba ile ataiezeka kwa bati, ataisiliba upya, na akijaliwa ataipiga sakafu ya saruji. Hakusema lini. Alisema tu kwa mpangilio huo, bati kwanza.

Ng'ombe walikuwa wa baba, lakini hela ya kula na kuvaa ilikuwa ya mama, na waziri wa fedha kama yule sijamwona tena. Alikuwa na makopo matatu kwenye kichanja. Moja la shule. Moja la chumvi, sabuni na mafuta ya taa. La tatu la bati. Hela ya maziwa ilienda la kwanza, ya mihogo la pili, na kilichobaki, hata kama ni sarafu moja, kilitupwa la tatu. Kutoa hela kopo hili ukaweka lile ilikuwa mwiko. Baba mwenyewe akitaka ya tumbaku aliomba akiwa amesimama mlangoni, na mama alimwuliza bila kugeuka, "Ya kopo lipi?" Baba, ambaye ng'ombe wakorofi walimwogopa, alikuwa anakuna kichwa na kuondoka.

Mabati yale tuliyalipia sisi watoto, msidanganywe. Sukari tuliionja Jumapili. Mche wa sabuni ulikatwa kwa uzi vipande vyembamba, na kipande kikiisha kabla ya wiki kuisha, unaoga maji matupu. Sketi yangu ya shule ilishushwa pindo mara tatu, mistari ya zamani ikabaki inaonekana, wenzangu wakawa wanahesabu miaka yangu pale. Chakula ndicho hakikupungua: obokima, ugali wa ulezi na mihogo, mweusi, mzito, na chinsaga, yaani mgagani, iliyochemshwa ikatiwa maziwa. Vijana wa leo wanauziwa majani yale yale hotelini wakiambiwa ni chakula cha afya, na wanapiga picha kabla ya kula. Sisi tuliyakimbia. Mama alikuwa anasema, "Tumbo halina dirisha, hakuna atakayechungulia umekula nini. Paa linaonekana."

Na lililoonekana zaidi lilikuwa la kina Rhobi. Rhobi alikuwa rafiki yangu, tulicheza rede pamoja, tulibeba fagio na dumu la maji kwenda shule pamoja, na nilimwonea wivu kwelikweli. Shamba lao lilikuwa upande uliochukuliwa na mgodi wa dhahabu ulipopanuka. Walilipwa fidia, wakajenga nyumba ya tofali yenye bati la buluu na sakafu laini ya saruji. Ukienda kwao unanawa miguu kwanza. Rhobi alikuwa anasimama na kopo la maji mlangoni, anamimina, anakagua mpaka visigino. Ndani tulilala kifudifudi tukaweka mashavu kwenye sakafu kwa ubaridi wake, na mimi nikiwa nimelala pale nilikuwa namwomba Mungu alete mvua ya mawe itoboe lile bati. Niliomba kwa dhati kabisa. Siku moja nilikanyaga tope makusudi, nikajifanya nimesahau kunawa. Mama yake aliifuta sakafu akitabasamu, na tabasamu lile liliniudhi kuliko kama angenichapa.

Mvua ikinyesha, kwao kulikuwa na ngurumo ya bati, kwetu kimya na matone. Mama alikuwa anainua macho kuelekea upande ule, anasikiliza, kisha anaendelea kupepeta. Nilidhani hana neno. Nilidhani wivu ni wa watoto.

Mabati ya mama yalikuwa yamefika ishirini na mawili, yamepangwa nyuma ya kitanda, bado mawili tu nyumba itoshe, pale uvumi ulipoingia kwamba wapimaji wa mgodi wanakuja upande wetu. Mliokuwapo mnakumbuka wazimu ule. Tulikuwa na neno lake: kutegesha. Unajenga nyumba shambani haraka haraka, unapanda miti imebanana, ili mpimaji akifika akukute na mali ya kulipwa. Watu walijenga nyumba zisizo na mlango. Mzee mmoja alipanda michungwa mia katika eneo la kuanika ulezi. Kijiji kiliota nyumba kama uyoga, na hakuna aliyelala ndani.

Jioni moja baba alituita wote, na bibi yetu, mama yake, akiwa ameketi palepale.

"Nimeamua," alisema. "Mabati yanaenda shambani kwenye mihogo. Tukilipwa tunajenga nyumba ya tofali kuliko ya kina Rhobi."

Bibi alimwuliza kama amerogwa. Mama alikuwa anakoroga uji, akaendelea kukoroga uji. Mimi nilimtazama nikamwonea huruma, nikaona makopo matatu na sukari ya Jumapili na pindo langu la sketi vyote vinabebwa na mwanamume asiyeomba ushauri. Huo ndio ulikuwa uchungu wangu wa kwanza kwa baba, na nilikaa nao muda mrefu kuliko nilivyopaswa.

Nyumba ilisimama kwa siku nne. Miti mitupu, haijakandikwa, bati juu. Kopo la tatu lilimalizika kwa misumari na nguzo. Mihogo iling'olewa ikiwa bado midogo. Wapimaji walikuja kweli, watu wapole, wakatusalimia, wakanywa maji kwetu. Walipima kutoka juu wakashuka mpaka kijito kilicho juu ya shamba letu, wakafika pale, wakakunja kamba zao. Mpaka wao uliishia kijitoni. Waliaga vizuri tu.

Nyumba ile ikabaki shambani na bati lake jipya, na mbuzi wa mjomba wakagundua ni pakavu. Jua likichwa wanaingia wenyewe kwa mstari, hakuna anayewachunga. Sisi tunalala chini ya nyasi zinazovuja, mbuzi wanalala chini ya bati la mama yangu. Niliwaonea wivu mbuzi, ndugu zangu. Nilikuwa nasimama kando nawatazama wanacheua, wakavu, na machozi yananitoka.

Baba alipata jina mara moja. Aliitwa Baba Mbuzi. Akipita kwenye kikao cha wazee mtu anauliza kwa upole, "Mura, mbuzi wako wameshalipwa?" na wote wanacheka. Bibi alimsema mbele yetu mpaka sisi tukaona aibu. Baba, ambaye kwa neno dogo zaidi ya hilo angeinua fimbo, alikuwa anacheka nao. "Ni tamaa yangu," alikuwa anasema. "Tamaa mbele, mauti nyuma. Nimejifunza." Na sisi watoto wake tulicheka pia, mimi nikiwa wa kwanza.

Mwezi wa nne kona ya kulia ilianguka. Mdogo wangu alikohoa wiki mbili. Baba alikwenda shambani peke yake, akafukuza mbuzi, akang'oa mabati moja moja akayaleta kichwani. Yalikuwa na matundu ya misumari ya kwanza, mengine yamepinda. Tuliziba matundu kwa lami na vipande vya ndala zilizokatika, mimi na mama tukiwa chini tunaelekeza, "Hapo bado naona jua," naye yuko juu anatii. Hayakutosha, upande wa jiko ulibaki nyasi mwaka mwingine mzima. Lakini mvua ya kwanza ilipopiga alasiri moja, kwetu nako kulinguruma. Hatukusikilizana kwa kelele. Mama aliketi katikati ya chumba, mikono mapajani, bila kufanya kazi yoyote, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumwona hivyo.

Sasa mimi naishi Mugumu, nashona nguo, mume wangu ni mwalimu. Tuna nyumba ya tofali, ila mchwa wamekula kenchi, zile mbao za paa, na dari inashuka, na kwa miaka miwili tumekuwa tukiweka akiba ya kuikarabati. Tuna daftari la bajeti lenye mistari ya rangi. Tuna kikundi cha kuweka na kukopa. Tuna kila kitu ambacho mama hakuwa nacho. Halafu jirani yetu akaweka geti. Geti kubwa jeusi, lina maua ya chuma na vichwa vya simba. Kila asubuhi nikifungua dirisha, simba wananitazama. Mwezi wa pili nikashindwa. Nilichukua hela ya kenchi, nikaenda kwa fundi wa kuchomelea, nikaagiza geti lenye simba wakubwa zaidi. Lilipoletwa ndipo nikakumbuka hatuna ukuta. Mpaka leo limeegemezwa kwenye mpera.

Mume wangu hakunipiga, hakunifokea. Alisimulia. Alisimulia kwenye kikundi, mbele ya wanachama wote, kwa nini mwezi ule hatuna hisa. Akasimulia shuleni kwake. Akapiga picha geti na mpera akaweka kwenye status, akaandika "Bajeti ya mama Nyangi," jina ninaloitwa kwa mtoto wetu. Watu wanaoleta vitambaa vyao kushona wananiuliza, "Simba wanakula nini?" Nimepoteza wateja wawili kwa kuwajibu vibaya.

Nikapanda gari kwenda kwa mama. Baba alishafariki, mwaka wa nne huu, na hata msibani jina la Baba Mbuzi lilitajwa kwenye wasifu, waombolezaji wakacheka kwa upendo. Namkumbuka mama akiwa ameinamisha kichwa wakati huo. Nilidhani ni kilio.

Nilimkuta anapepeta. Nikamwambia, "Shikamoo mama," akaitikia, nikamweleza yote, geti, simba, status. Nikamalizia kwa kusema, "Angalau wewe uliharibiwa na mwanamume. Mimi nimejiharibia mwenyewe."

Aliweka ungo chini.

"Bhoke," akasema, "ile nyumba ya shambani ilikuwa akili yangu."

Sikumwelewa.

"Mimi ndiye niliyetaka kutegesha. Lile bati la kina Rhobi likinguruma nilikuwa nasikia linanitukana. Baba yako alikataa siku tatu. Nikamnyima maneno mpaka akakubali. Ilipoharibika nikamwambia, wacha niwaeleze watu ukweli. Akakataa. Akasema, 'Wewe ndiye unayeomba moto na chumvi kwa hawa wanawake. Mimi nawaomba nini? Wanicheke mimi.'"

"Hata bibi hakujua?"

"Hata bibi yako. Angenirudisha kwetu."

Akaokota ungo wake. Nilitaka kumwuliza aliwezaje kukaa kimya wakati sisi tunamcheka baba, lakini yeye akawa ameshaanza kunieleza bei ya ulezi, nikaacha.

Nilirudi Mugumu siku ile ile. Zamani tulikuwa na makopo matatu kwenye kichanja, na kila aliyeingia aliyaona, lakini kulikuwa na jambo moja ambalo mwanamume alilibeba hadi kaburini bila mtoto wake kulisikia. Sisi leo tunaficha namba ya siri ya simu, na aibu za wenzetu tunazianika kabla ya chakula cha mchana. Nilipofika, mume wangu alikuwa barazani na mgeni, mwalimu mpya kutoka Musoma. Alikuwa anamwonyesha mpera na geti lake.

Niliwasalimia, nikapita ndani kuweka mkoba. Nimeolewa miaka kumi na miwili. Mume wangu yu hai, ana afya njema, mshahara wake anauleta nyumbani, na nilikaa kitandani siku ile nikimwonea wivu mama yangu, mjane.