Nilisema Ni Maombi Yaliyonipunguza

Nilidanganya kanisa zima, nimesimama mbele na kitambaa cheupe kichwani. Naanza na hapo ili usinihurumie mapema. Ngoja usikie yote kwanza.

Jina langu kamili sitaji. Kama wewe ni wa pande za Mukuyuni na umri umesonga kidogo, pengine utanijua. Ukinijua, basi. Nimechoka kujificha.

Nilikuwa mnene, jameni! Nilikuwa nauza vitambaa sokoni, na nilikalia viti viwili vilivyofungwa pamoja kwa kamba. Watu waliniita Tangi, na mimi nikacheka nao, kwani ungefanya nini? Tukienda mwethya, kile kikundi cha kina mama cha kuchimba matuta mashambani, mimi nilipewa kazi ya kupika tu. Kuinama na jembe, ng'o! Magoti yalikuwa yamekataa.

Mwishoni mwa miaka ya themanini ndugu yangu mdogo, aliyekuwa anafanya kazi ng'ambo, aliniita niende nimsaidie bibi yake na mtoto mchanga. Hivyo ndivyo watu wa nyumbani waliambiwa. Ukweli ni kwamba alikuwa ameshaongea na daktari huko. Nikapasuliwa. Tumbo likabanwa kwa pini, likabaki mfuko mdogo wa kutoshana na ngumi ya mtoto.

Daktari alikuwa mama mzee, mpole. Alinikalisha chini, ndugu yangu akitafsiri, akaniambia operesheni ni mwanzo tu, kazi iliyobaki ni yangu mpaka kufa. Ule kidogo, utafune sana. Usinywe vitu vitamu, kwa maana hivyo vinapita tu na vitakurudisha ulikotoka. Tembea kila siku. Meza hizi tembe za vitamini, usiache. Halafu akasema la mwisho, ambalo mimi nililiona dogo: "Waambie wale wanaokupikia na wale mnaokula pamoja. Peke yako hutaweza."

Nilirudi baada ya miezi minane nikiwa nusu. Aiya! Soko lilisimama. Rafiki yangu Mama Mwende, aliyeuza ndengu kando yangu miaka yote, aliniangalia akaniuliza, "Samahani mama, umemwona mwenye hii meza?" Halafu akanitambua. Akalia palepale, akanishika uso na ile mikono yake yenye vumbi la ndengu.

"Mama Kioko! Wamekufanya nini huko?"

Hapo ndipo ningesema. Tulikuwa yeye na mimi tu. Lakini niliona aibu. Huku kwetu mvua ikikosa kuna nyumba zinalala na maji ya moto. Sasa mtu akisikia wewe umepasuliwa ili usile, atakuonaje?

Nikamwambia, "Ni Mungu tu."

Jumapili mchungaji akasema kuna mama amerudi kutoka safari ndefu, aje atoe ushuhuda. Na ushuhuda kwetu unaujua. Kina mama wameshaweka vigelegele mdomoni, wanangoja tu mahali pa kuvitoa. Nilianza kwa kushukuru kwa safari njema. Nikaona nyuso bado zinangoja. Mdomo wangu ukafunguka wenyewe. Nilifunga siku arobaini, nikasema. Mchana maji peke yake, jioni uji kidogo. Sikumeza hata tembe moja. Bwana akaondoa mzigo.

Waliimba! Mchungaji alitoa machozi. Mimi pia nililia, na mpaka leo sijui nililia nini.

Nikaitwa kanisa la Mbumbuni nikashuhudie. Nikaitwa Ikutha. Kina mama wakaomba niwaandikie, nikaandika kwa karatasi za daftari, siku ya kwanza mpaka ya arobaini, kila siku na andiko lake. Maandiko yenyewe niliyachagua jioni moja nikiwa nimekaa jikoni kwangu. Mama Mwende ndiye niliyemwandikia wa kwanza, kwa mwandiko mzuri.

Uongo ulinirudi mimi mwenyewe kwanza. Kanisani kwetu watu wanakula. Ibada ikiisha ni kula, mwethya ikiisha ni kula, mazishi ni kula. Sahani ya muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa na maharagwe, inajazwa mpaka inamwagika. Nikila vijiko vitano, cha sita kinarudi, nakimbia nyuma ya choo kutapika. "Si mfungo uliisha, Mama Kioko? Kula bwana, ama unatudharau?" Ningewajibu aje?

Nikaanza kusema mimi napendelea uji. Wakaniletea uji wa wimbi na maziwa, na mtu akasema tia asali, si tuko na asali ya Kitui hapa! Aah, uliteleza vizuri! Haukuuma hata kidogo. Niliambiwa na daktari, na nilikumbuka alivyoniambia, na nikaomba kikombe kingine.

Nikanunua thermos. Ilikaa chini ya meza yangu, nyuma ya marobota ya vitambaa, na kila mteja akiondoka nilipiga kikombe. Tembe za vitamini nazo niliacha, kwa sababu mtu aliyesimama akasema hajameza hata tembe moja hawezi kuonekana na chupa ya tembe. Vidole vya miguu vikaanza kufa ganzi. Mwaka wa pili gauni likaanza kubana, nikalipeleka kwa fundi alipanue, nikamwambia ni sabuni imelikaza. Hakuna mtu ningeuliza, nisaidieni, kilo zinarudi. Nisaidieni na nini, na mimi nilishaponywa?

Siku moja asubuhi Mama Mwende akaja kwa meza yangu anatabasamu. Yeye alikuwa mnene kiasi, na alikuwa na ugonjwa wa sukari. Alikuwa akichukua dawa zake kliniki kila mwezi, bila kukosa.

"Nimeanza leo," akaniambia. "Na zile tembe nimeziweka juu ya kabati. Kama wewe."

Nilikuwa na kikombe cha uji mkononi. Ulikuwa bado unatoa moshi.

Nikasema, "Bwana akutie nguvu."

Kwa nini sikusema ukweli? Nimejiuliza sana. Jibu ni dogo na ni baya: ningeaibika mbele ya makanisa matatu. Hakuna sababu nyingine. Nimeitafuta.

Wiki ya tatu ya mfungo wake jembe lilimpiga kidole cha mguu huko mwethya. Hakusikia hata uchungu, ni damu aliyoiona kwanza. Akafunga kitambaa akaendelea kuchimba. Kidonda kikaoza. Walipompeleka hospitali, daktari alisema sukari imepanda mpaka sumu imeingia kwa damu.

Nilienda kumwona. Msichana wake Mwende alikuwa amekaa miguuni pa kitanda. Mama Mwende akanivuta karibu.

"Mama Kioko, nisamehe."

"Nikusamehe nini?"

"Siku ya kumi na tisa nilikula. Kiazi kimoja tu. Nafikiri ndiyo maana Bwana hakunisikia. Imani yangu ilikuwa ndogo. Wewe uliwezaje?"

Kovu langu lilikuwa hapo chini ya blauzi, karibu na kiwiko chake. Nikamwambia, "Usijali. Ukipona utaanza tena."

Alikufa baada ya siku nne. Akaenda akijua imani yake ilikuwa ndogo.

Sikulia kwa mazishi. Watu walisema mimi nina nguvu za kiroho. Sijalia tangu siku hiyo, hata mamangu alipokufa. Ni kama wale madaktari walinipa dawa ya usingizi na hakuna aliyekumbuka kuniamsha.

Kilo zote zilirudi. Vile viti viwili nikavifunga tena kwa kamba. Kanisani wakasema nimerudi nyuma, wakaniita mbele wakaniwekea mikono, na mimi nikapiga magoti nikakubali. Ilikuwa rahisi kuitwa mlafi.

Miaka ikapita. Juzi Mwende alikuja kwangu asubuhi. Ni mama mwenye watoto sasa, na amenenepa, amefanana na marehemu mpaka nilishtuka. Alifungua Biblia ya mamake akatoa karatasi. Mwandiko ni wangu.

"Mama Kioko, hapa wino umefutika," akasema. "Siku ya ishirini ni andiko gani? Nataka kuanza Jumatatu."

Nilifunga mlango. Nikainua blauzi. Kovu langu linatoka hapa chini ya kifua mpaka kitovuni, na ni mume wangu tu aliyekuwa amewahi kuliona. Nikamwambia yote, nikianza na ndege ya kwenda. Hata thermos nilimwambia.

Nilingoja anipige. Haki, nilitamani anipige! Alikaa tu, akiangalia tumbo langu.

Akauliza kitu kimoja. "Siku ile pale hospitalini, uliponyamaza kidogo kabla ya kumjibu. Ulikuwa unataka kumwambia?"

Ningemdanganya hapo pia. Ilikuwa rahisi.

"Hapana," nikasema. "Nilikuwa natafuta la kusema."

"Sawa," akasema. Akachukua Biblia, karatasi akaiacha juu ya meza, akatoka.

Iko hapa mbele yangu ninapoandika. Mama Mwende alikuwa anaweka alama ya penseli kila siku akimaliza. Alama kumi na nane. Ya kumi na tisa hakuna alama, ameandika tu, kwa herufi ndogo: kiazi.

Wewe uliyepasuliwa kama mimi, sema umepasuliwa. Sema kwa wanaokupikia, sema kwa mnaokula pamoja. Tumbo lilipunguzwa na daktari, lakini kukaa hivyo miaka na miaka kunataka watu, na mimi watu wangu niliwafunga mdomo kwa ushuhuda. Usipoteze jasho la daktari kwa sababu ya aibu kama nilivyofanya.

Na wewe mama, popote ulipo, Mbumbuni, Ikutha, kama uko na karatasi kama hii ndani ya Biblia yako, choma. Hiyo haikutoka kwa Bwana, ilitoka jikoni kwangu. Rudi kliniki. Shusha tembe zako pale juu ya kabati, umeze.

Kula kiazi.