Watu Tisa Mbele ya Nyumba ya Mama Mdogo

Kosa langu la mwanzo lilikuwa kununua kamera bila ile lenzi ndogo inayouzwa nayo. Niliikataa kwa mdomo wangu mwenyewe. Muuzaji wa kamera zilizotumika, kule Tanga, aliiweka mezani akasema, "Chukua hii, mdogo wangu. Inavuta, inapanua, ya kuanzia inatosha." Nikamtazama kama mtu anayetaka kuniibia. Kwa miezi minane nilikuwa nimetazama video za mafundi picha wa nchi za nje, na wote walisema lenzi hiyo ni takataka. Mwenye hela kidogo anunue kamera ya zamani na lenzi moja ya milimita hamsini, isiyovuta wala kupanua, lakini kali hata kwenye mwanga hafifu. Nikafanya hivyo hivyo.

Nilimulika kioo cha lenzi kwa tochi nikitafuta kuvu. Niliuliza kamera imeshapiga picha ngapi. Niliandika kila mkwaruzo kwenye daftari, mpaka muuzaji akachoka: "Kwani unaoa au unanunua kamera?" Nilikagua kila kitu. Sikujiuliza hata mara moja nitasimama wapi nikipiga.

Huku kwetu Lushoto uwanja wa nyumba hukatwa kwenye mlima. Nyuma kuna ukuta wa udongo, mbele hatua chache, halafu shamba la mtu liko chini yako. Nimezaliwa huku. Nilijua, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo: nilijua, bado nikawaamini watu wanaopigia picha kwenye tambarare.

Wiki tatu baadaye mtoto wa mwisho wa mama mdogo alipata kipaimara. Watoto wake wote saba walikuwa nyumbani, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu yule mkubwa aanze udereva wa lori. Mama mdogo alitaka kitu kimoja: picha ya watoto, yeye na mumewe, watu tisa, wamesimama mbele ya nyumba yao mpya, viatu vionekane. Na upesi, kwa sababu lori la mkubwa lilikuwa barabarani, utingo wake anasubiri.

Nikainua kamera. Lenzi ile ya hamsini inaona sehemu nyembamba; nikaona watu watano. Nikarudi nyuma, wakawa sita. Nikarudi tena, kisigino kikaning'inia juu ya kabichi za jirani.

"Bananeni," nikasema. "Bananeni zaidi."

"Mpiga picha gani huyu?" mjomba akacheka kutoka barazani. "Anawashindilia kama viazi kwenye gunia la lumbesa!"

"Mjomba, hebu nyamaza." Nilikuwa sijawahi kumjibu hivyo mtu aliyenizidi umri. Watu wakageuka kunitazama. Nikajifanya sikuona. "Twendeni barabarani, kule kuna nafasi."

"Barabarani ndiko kwangu?" mama mdogo akauliza.

"Basi wawili wakae pembeni, nipige mara mbili."

Akanitazama. "Nimtoe yupi, mwanangu? Nichagulie wewe."

Nikaanza kupiga ovyo, upande huu, upande ule. Honi ya lori ikalia. Yule mkubwa akamkumbatia mama yake, akateremka mbio. Nilibaki na picha kumi na moja, zote kali, nyuma kumefifia vizuri kama kwenye video. Hakuna hata moja yenye watu tisa. Nyumba waliyoijenga kwa miaka mingi ilikuwa doa la rangi tu.

"Haya, siku nyingine," mama mdogo alisema, akaingia ndani kupakua pilau.

Angenitukana ningepona. Nilitamani kuitupa kamera korongoni. Niliwakasirikia watu wa video, ambao hawanijui. Nilimkasirikia muuzaji kwa kuwa alisema kweli. Zaidi ya wote nilijichukia mimi, niliyetaka kuonekana fundi kabla ya kumfaa mtu yeyote. Hata kumwomba radhi mjomba kulinichukua mwezi mzima.

Watoto wale hawajakutana tena wote. Mama mdogo bado hana picha yake. Mimi sasa nina lenzi inayoona eneo pana, ya bei ndogo, na sipokei kazi yoyote kabla ya kwenda kwanza kwa mwenye shughuli kupima uwanja wake kwa hatua na kumuuliza watasimama watu wangapi.