Mlima wa Kwetu Ukutani

Nimezaliwa chini ya Kilimanjaro, lakini mwaka wa sita huu nafundisha Kiongoroni, ambako kirefu ni mikoko tu. Upweke uliponizidi, nilimwomba mwenye steshenari Kibiti anitafutie mtandaoni na kunichapia mlima mrefu kuliko yote. Jina sikutaja, nani asiyeujua? Akanipa picha isiyo na rangi. Theluji sikuiona, nikasema ndiyo hiyo wanayosema inayeyuka. Nikaibandika sebuleni, kila jirani nikimwonyesha kwa kidole ilipo migomba ya mama.

Juzi boti ilileta vitabu vipya vya sayansi. Bi Mwajuma, mwalimu mwenzangu, akafungua kimoja, akaukuta mlima wangu. Ni mrefu kuliko milima ya sayari zote, lakini uko Mirihi, sayari nyingine kabisa.

“Kumbe kwenu mbali hivyo, mwalimu,” akasema taratibu. “Ndiyo maana hatujaona mgeni wako hata mmoja.”