Barua Niliyoisoma kwa Mbwembwe

Msinihurumie, nilijitakia. Mimi ni karani wa mapokezi hospitalini, hapa Babati mjini. Jumatatu bosi alifungua sanduku la maoni ya wagonjwa mbele ya wafanyakazi wote, akasema, "Danieli, una sauti, tusomee."

Ilikuwamo barua moja tu. Nikaisoma kwa mbwembwe, nikiigiza sauti ya kizee:

"Kijana wa mapokezi hakuniamkia. Alikuwa kwenye simu, hakuinua uso. Nilimwambia kifua kinanibana, akasema, 'Bibi, kaa pale, usinisumbue.' Nilikaa mpaka mchana, nikarudi nyumbani bila dawa."

Nikamkazia macho Safari, ninayepokezana naye zamu. Maskini, akainamisha kichwa. "Aibu gani hii!" nikasema, na wenzetu wakaguna. Mimi sikumkumbuka bibi yeyote. Ningemkumbukaje mtu ambaye sikumtazama?

Nikapandisha sauti nimalizie: "Niliona aibu kumwambia mbele za watu kwamba ni mimi. Naomba msimfukuze kazi, ni mwanangu. Mimi Mama Danieli, wa Mutuka."

Safari akainua kichwa.