Biti Yangu Ilivyowatoa Watu Kwenye Pilau

Kuna watu Nkololo mpaka leo wakiniona wananiuliza kama nimekuja kwa amani au nimekuja na muziki, nami nacheka nao tu, maana kulia mbele za watu sijazoea. Acheni niwasimulie mwenyewe, kwa sababu wanaonisimulia wanatia chumvi, wanadai hata padri alikimbia (hakukimbia, alitembea haraka sana).

Mimi na shule tuliachana mapema, na nani alimwacha mwenzake hatujakubaliana. Nimechunga ng'ombe, nimebeba marobota ya pamba, nimetengeneza redio Shinyanga, nimechimba dhahabu ya watu wengine huko Geita, na kila mahali nikishajua kitu kinafanyaje kazi nakichoka, nahama. Muziki wa kompyuta ndio peke yake sijauchoka. Nimepanga chumba Bariadi mjini, nina kompyuta yenye ufa kwenye kioo na kinanda kidogo cha kuchomeka, natengeneza biti.

Sasa kulikuwa na binti niliyempenda, Kabula. Baba yake, Mzee Masanja, ni kamanda wa sungusungu, walinzi wa jadi, kule Nkololo, mzee wa maneno machache, na alipoambiwa kwamba mimi ni prodyuza aliuliza, "Hiyo ni kazi au ni ugonjwa?" Bahati nzuri kaka yake Kabula alikuwa anaoa, Kabula akaniambia, "Njoo upige muziki wewe, baba akuone ukifanya kazi. Na mjomba wako aje siku hiyohiyo, aseme neno." Nikampigia simu mjomba aliyeko Lalago, akakubali, akasema hawezi kwenda kwa watu mikono mitupu, atakuja na mtamba mmoja wa kufungulia mazungumzo. Mimi nikajifungia kutunga wimbo mpya wa kuwachezesha maharusi, wimbo ambao mzee akiusikia angesema mwenyewe, huyu kijana ana kazi.

Shida ikawa lidi. Lidi ni ile sauti ya kinanda inayobeba wimbo, ile ambayo watu wanakwenda nayo nyumbani midomoni. Yangu ilizama. Nikiipandisha, inachoma masikio, nikiishusha, besi na ngoma zinaimeza kama maji ya mtoni. Nikatazama mafunzo mtandaoni mpaka bando likaisha. Nikapunguza vinanda vya nyuma vilivyokuwa vinagombania nafasi na lidi, nikaiwekea pacha wake, sauti ileile lakini ya juu zaidi, nikaikwaruza kidogo iwe na meno, nikafanya noti ziteleze kutoka chini kwenda juu badala ya kuruka. Ikaanza kuonekana. Halafu nikafanya uamuzi mmoja mdogo tu, jamani, mdogo: kabla lidi haijaingia, nikanyamazisha vyombo vyote. Ngoma kimya, besi kimya, halafu lidi peke yake, inapanda, inakatika, inapanda tena.

Nywele zilinisimama. Nikajua nimetunga kitu kikubwa (nilidhani nimekitunga mimi, mtaona). Nikamwita Jumanne, jirani yangu mzaliwa wa Tanga anayeuza kava za simu, akasikiliza akasema, "Hapo umeua, kaka." Mama mwenye nyumba naye alitoka uani akasimama anachungulia juu ya ua, huku na huku. Nikadhani kapenda.

Siku ya harusi nilikuwa na spika mbili kubwa, na honi mbili za kupaza sauti nimezifunga juu ya mti ili wote wasikie. Mambo yakaenda vizuri. Nilipita mbele ya Mzee Masanja nikainama, "Mwadila, baba," akaitikia, akaniangalia nyaya, hakusema kitu, kwake hiyo ni sifa. Mchana watu wakawa wanakula pilau, mshereheshaji akanipungia mkono: piga wimbo wako, maharusi wainuke.

Nikapiga. Ngoma ikaingia, wazee wakatikisa vichwa. Kisha kimya. Kisha lidi.

Watu wote wakasimama kwa pamoja. Mimi, mjinga wa Mungu, nikafikiri wimbo umewashika, nikaongeza sauti.

Sahani zikaanguka. Wanaume wakanipita mbio wakielekea nje, mmoja kashika fimbo, mwingine mguu wa kiti, bwana harusi katupa koti mapajani kwa bibi harusi. Akina mama wakapiga yowe. Na kutoka kitongoji cha pili, ng'ambo ya mashamba ya pamba, filimbi zikajibu: sauti inayopanda, inakatika, inapanda tena.

Ndipo nikaelewa. Ule ulikuwa mwano. Mwano ni mlio wa hatari, unaopigwa ng'ombe wakiibwa, na kwetu ukiupata masikioni unaacha kila ulichoshika na kukimbia, na unaupeleka kwa wa mbele yako. Nimekua nikiusikia. Nilizurura miaka mingi nikausahau kichwani, kumbe vidole havikuusahau. Na asiyekimbia ndiye wa kwanza kuulizwa. Mwanamume pekee aliyebaki kwenye hema la harusi nilikuwa mimi.

Mama yake Kabula akanisogelea. "Wewe hukimbii? Hiyo miguu ni ya pambo?"

"Mama, ni wimbo."

"Wimbo gani unaiba ng'ombe?"

Kabla sijajibu, watu wakarudi wakishangilia. Wamempata mwizi! Wamemkuta njiani na mtamba asiyejulikana, na alipoliona kundi na fimbo zao akageuka kukimbia, na kamba ya ng'ombe hakuiachia. Wakamleta katikati. Kavaa suti, tai iko mgongoni.

"Waambie hawa watu mimi ni nani!" akanipigia kelele.

Nikasema kwa sauti ndogo, "Ni mjomba wangu."

"Na ng'ombe?" akauliza Mzee Masanja.

"Ni wa kuja kumzungumzia Kabula."

Kabula alijifunika uso kwa kanga. Mzee akawageukia watu, "Mwano kapiga nani?" Wakatazamana, kisha mmoja mmoja wakainua macho kwenye honi juu ya mti. Mzee akaniambia, "Piga tena." Nikamsihi. "Piga." Akawaonya wote wakae. Nikapiga, na pamoja na kuonywa bwana harusi alishafika getini, na kule ng'ambo filimbi zikajibu upya.

Kuna mzee mmoja alicheka mpaka akakaa chini. Mzee Masanja hakucheka. Alisema desturi inajulikana: anayepiga mwano wa bure huwalisha waliokimbia. Akamtazama mtamba. Mjomba akamtazama mtamba. Halafu mjomba akanitazama mimi, na jamani, bora nisingezaliwa na dada yake.

Mtamba akachinjwa. Wakala, wakanisifia nyama.

Jioni Mzee Masanja alitusindikiza mpaka barabarani. Mjomba alitangulia mbele, hataki kivuli changu kimguse. Mzee akaniambia taratibu, akiniita mwanawe, "Ng'wanawane, nimekuwa kamanda muda mrefu, sijaona watu wakitoka upesi namna ile. Kazi ni kazi." Moyo ukaruka. Kisha akaongeza, "Yule ng'ombe ni wa waliokimbia. Wa kumzungumzia Kabula mimi sijamwona."

Tangu hapo nimeapa: simalizi wimbo wowote kabla hajausikiliza mtu wa hapahapa mwenye ng'ombe zizini, na nikitaka lidi isikike, navipunguza vyombo vingine polepole bila kuvinyamazisha vyote. Wimbo wenyewe nimeurekebisha, Kabula ameupenda. Lakini mjomba amegoma kabisa, anasema Nkololo atapita angani. Kwa hiyo kama kati yenu kuna mwenye mjomba wa kuniazima, ninamhitaji kabla ya mvua. Awe na mtamba, na akiona watu wanamjia mbio, tafadhali, asimame.