Habari za Asubuhi za Zaina

Siku ambayo haijanitoka akilini mpaka leo, mwanangu, ni ile niliyomwambia Mzee Bwambale kwamba nina mtoto darasani asiye na lugha. Nilisema hivyohivyo, asiye na lugha, tena kwa uhakika wa mtu aliyeshika chaki miaka mingi. Mzee aliweka chini kikapu chake cha kahawa, akaniuliza kama nilikuwa nimelala vizuri.

Ngoja nikuweke sawa kwanza, maana wiki ijayo unaanza kazi na sitaki uingie darasani kichwakichwa. Ilikuwa miaka ya elfu mbili na kumi na kitu. Nilikuwa nimefundisha darasa la saba kule Bulembia, Kasese, watoto wakubwa wa mtihani, na jina nilikuwa nalo. Mara nikahamishiwa Bwera, mpakani na Congo, darasa la kwanza. Usicheke. Mwanamke mwenye mvi zake akakabidhiwa watoto wanaolia kalamu ikivunjika. Mbele ya watoto wadogo nilikuwa kijana kabisa, sijui hili wala lile, ndiyo maana nakuambia kwamba hizi ni habari za ujana wangu.

Mzee Bwambale alikuwa mwalimu mkuu aliyestaafu. Alirudi kwao Karambi kulima kahawa, lakini kila alipoteremka Bwera ilikuwa lazima apite shuleni kuchungulia. Wenzangu walimkimbia kwa sababu ya maswali yake. Mimi nilimpenda, ingawa siku ile hakunibembeleza.

Mtoto mwenyewe aliitwa Zaina, miaka saba. Baba yake, Swaibu, alikuwa Mwislamu wa Kasese, dereva wa lori. Mama yake alitoka ng'ambo ya mpaka, akiuza mawese na samaki wakavu sokoni. Nyumbani kwao walizungumza Kiswahili cha hapo mpakani. Darasani tulifundisha kwa Lhukonzo, lugha yetu Wakonzo wa pale, kwa kuwa ilikuwa imeamuliwa watoto wadogo waanze na lugha ya mahali walipo, Kiingereza kikiingia polepole mpaka wafike madarasa ya juu. Na kila asubuhi tulianza na kipindi cha Habari: mtoto anasimama mbele, anawaeleza wenzake kilichotokea kwao. Watoto wengine waligombania zamu. Zaina akiitwa alisimama, akatazama miguu yake, akarudi kuketi. Muhula wa kwanza wote ulikwisha hivyo.

Siku moja Swaibu alikuja na mkewe. Hakuketi.

"Mwalimu, mimi nataka hii mtoto yangu ijue Kizungu," alisema. "Hii Lhukonzo iko kwa barabara, hakuna mutu analipa kujifunza. Kama mwaka inaisha na haisomi, mimi napeleka yeye bodingi kule Kasese."

Mama Zaina alikuwa nyuma yake, mkono juu ya kichwa cha mtoto. Alingoja mumewe atangulie kutoka, kisha akaninong'oneza: "Mwalimu, huyu iko mutoto mudogo. Akienda kulala kule, nani atamufunika usiku? Na ku nyumba anasemaka mingi, mpaka tunachoka."

Nilisikia, lakini sikusikia. Mama gani hasemi mtoto wake ni hodari? Ndipo nikampelekea Mzee Bwambale yale maneno yangu ya mtoto asiye na lugha.

"Twende sokoni," alisema.

Tulisimama nyuma ya meza ya muuza mitumba, tukimtazama Zaina akimsaidia mama yake. Mwanangu, nilipigwa na butwaa. Mteja aliyetoka Congo alijibiwa kwa Kiswahili, akacheka. Mama mmoja wa Karambi akajibiwa kwa Lhukonzo ya kuchechemea, lakini akapata samaki aliyemtaka. Kijana wa bodaboda alipojaribu kuchagua kwa kuwatomasatomasa samaki wote, mtoto alimfokea kwa Luganda mpaka akaondoa mkono. Nilitamani ardhi ipasuke.

"Biira," Mzee aliniita kwa jina, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi. "Usiseme tena kwamba mtoto hana lugha. Sema wewe hujamsikia. Na kama hujamsikia, utamfundisha kutoka wapi?"

Nikajaribu kujitetea kwamba sheria ya darasa ni Lhukonzo, kwamba siwezi kufundisha lugha nne kwa mpigo. Akaniambia hakuna aliyeniomba nifundishe lugha nne. "Unaishi Bwera, binti yangu. Hapa watu wakishindwa kuelewana wanafanya nini? Si wanamwita jirani awasaidie?"

Kesho yake nilibadilisha kipindi cha Habari. Nilisema kila mtoto alete habari yake kwa lugha anayoota nayo usiku, na mwenzake anayeielewa aisimulie tena kwa Lhukonzo ili wote tuipate. Kisha tutaiandika ubaoni. Nilimketisha Zaina karibu na Masika wa Karambi, ambaye mukaka wake, yaani bibi yake, alikuwa akimpeleka sokoni kila mara, kwa hiyo Kiswahili cha pale hakikumpiga chenga. Nasema Masika wa Karambi kwa sababu unajua majina yetu Wakonzo yanavyofuata mpangilio wa kuzaliwa: ukiita Masika, nusu ya wasichana wanasimama.

Siku mbili za kwanza Zaina alitazama miguu yake kama kawaida. Roho yangu ilikuwa juu. Siku ya tatu akasema, kwa sauti ndogo sana: "Mbuzi ya jirani ilikula sabuni yetu. Inatoka povu ku mudomo. Mama anaifukuza, nayo inamupulizia povu."

Masika akaisimulia kwa Lhukonzo, akiongeza mikono na macho ya yule mbuzi. Darasa zima likavunjika mbavu. Nilimwona Zaina akijikunja kwanza, akidhani wanamcheka yeye. Kisha akaelewa kwamba wanamcheka mbuzi, akainua uso, na yeye akacheka. Tuliiandika habari ile ubaoni kwa Lhukonzo, tukaisoma mpaka kila mtoto akaijua herufi kwa herufi. Baada ya wiki chache tuliiandika kwa Kiingereza. Hakuna aliyesahau maneno yale ya Kiingereza, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na yule mbuzi kichwani.

Usidhani mambo yalikwenda kwa ulaini. Swaibu alirudi safari moja, akapita dirishani, akasikia Kiswahili ndani. Aliingia uso umemwiva.

"Mwalimu, nimeleta mtoto asome, wewe unafundisha yeye lugha ya askari na wezi?"

"Na wewe sasa hivi unaniambia kwa lugha gani?" nilimuuliza. Huku kwetu wengi walikiita Kiswahili hivyo tangu enzi za wanajeshi, na yeye mwenyewe alikisema nyumbani. Nina ulimi mkali, unanijua. Alipotoka alinikumbusha kwamba siku ya kufunga mwaka atakuja kumsikia mwanawe akisoma Kizungu, asipomsikia, Januari mtoto yuko bodingi.

Basi tulifanya kazi. Sikuwalegezea. Habari iliyosimuliwa vibaya ilisimuliwa tena, neno lililoandikwa ovyo lilifutwa na kuandikwa upya. Zaina alisoma Lhukonzo kabla ya mwenzake yeyote kumaliza kitabu cha kwanza, na mlango huo ulipofunguka, Kiingereza nacho kikaanza kuingia. Lakini kilikuwa Kiingereza cha mtoto wa mwaka mmoja shuleni, na mimi usingizi ulinipaa nikifikiria ile Januari.

Siku ya kufunga wazazi walijaa. Swaibu alikaa mbele, shati limepigwa pasi. Zaina alipoitwa, baba yake alisimama, akachukua kitabu chembamba cha hadithi kutoka rafuni, akakifungua mwenyewe, akamkabidhi. Alitaka kuhakikisha kwamba mtoto hakukaririshwa. Mama Zaina alifumba macho.

Zaina akasoma. Taratibu, kidole chini ya kila neno, akikwama, akirudi, akiendelea. Ilikuwa hadithi ya kuku aliyekataa kulala bandani. Alipomaliza, baba yake alipiga makofi kwa nguvu, akageukia watu ili wamwone. Mimi nilikuwa nimeshaanza kushusha pumzi.

Lakini Zaina hakuketi. Alimtazama mama yake, na kama tulivyofanya kila asubuhi, bila kuambiwa na mtu, akaanza kueleza kwa Kiswahili cha kwao: kuku alikataa kulala bandani, akaenda kulala juu ya paa, mvua ikaja. Na hapo, mwanangu, makofi ya Swaibu yalikatika. Akaketi, akainama mbele, viwiko juu ya magoti.

"Halafu?" aliuliza. "Kuku ilifanya nini?"

Zaina akamweleza. Mukaka wa Masika akauliza kwa Lhukonzo na yeye ataambiwa lini, na Zaina akamgeukia, akaanza tena kwa Lhukonzo, Masika akimsaidia mahali pawili.

Swaibu alinifuata nje. "Mwalimu, mimi Kizungu yangu ni ya barabara tu, kushoto, kulia, simama. Kama alisoma ile peke yake, mimi ningepiga tu makofi niende nyumbani. Ningekuwa sijui mtoto wangu amesema nini." Akafuta macho bila kujificha. Bodingi hakuitaja tena. Zaina sasa yuko sekondari, na usiku bado analala kwao.

Kwa hiyo, mwanangu, haya ndiyo ninayokuachia. Watakuambia kiwango cha lugha kitapanda ukiwakataza watoto lugha za kwao. Usikubali. Anza pale mtoto anapoelewa, kisha mdai kazi safi: asome kila siku, aandike, arekebishwe, afike kwenye Kiingereza na Kiswahili sanifu akijua anachosema. Usimcheke anavyoongea, wala usimwachie aishie hapo alipo. Na ukiona mtoto amenyamaza, nenda sokoni kwao kabla hujamwandikia alama.

Nenda salama. Mungu akupe masikio mapana na subira ya kungoja siku ya tatu, na kila mtoto utakayemfundisha aweze kurudi nyumbani akawaeleze waliomzaa alichojifunza.