Pantoni Ndogo ya Mto Ruvubu

Siku ya operesheni ya vijiji, Leonidas ndiye aliyewaonyesha mgambo nyumba ya Zita, mjane wa kaka yake. Waliichoma Zita akitazama. Zita na watu wote wa kilima kile, upande wa Ngara, wakavushwa mto Ruvubu kwa mitumbwi na kupewa viwanja kwenye tambarare ya ng'ambo ya pili, kwenye kijiji kipya cha ujamaa. Migomba yao ikabaki kule kilimani. Leonidas akawa mwenyekiti wa kijiji, na Zita akaacha kumsalimia.

Baada ya mavuno mawili mazuri ya kahawa, kijiji kikaamua kununua pantoni. Mkandarasi mmoja aliyekuwa anafunga kambi yake Biharamulo alikuwa na mbili zilizotumika. Kubwa ilibeba lori, ila ilitaka injini. Ndogo ilibeba watu, mbuzi na baiskeli, na ilivutwa kwa kamba iliyofungwa kutoka ukingo hadi ukingo. Wajumbe walikwenda kuzitazama, Zita akiwemo. Leonidas alitembea juu ya ile kubwa kama mtu anayepima uwanja wa nyumba yake.

Mkutano ulikuwa mkali.

"Ndugu zangu, kubwa italeta lori la kahawa hadi hapa," Leonidas alisema. "Huyu Zita anataka ndogo kwa sababu moyo wake uko kwenye migomba. Hajahama huyu."

"Sikuhama, Ndugu Mwenyekiti. Nilihamishwa," Zita alijibu. "Na dizeli ikikosekana, hilo lori utalivuta wewe?"

"Mchawi hakosi jibu."

"Na mchoma nyumba hakosi cheo."

Watu waliguna. Mikono ilipohesabiwa, ndogo ikashinda, maana wengi walikuwa na migomba kule. Leonidas aliiita sahani kwa udogo wake, akamgawia Zita shamba la kijiji lililojaa maji. Zita naye akajitwalia kazi ya pantoni, na kila Leonidas alipotaka kuvuka alimwacha asimame juani kwanza.

Vita vya Kagera vilipoanza, vijana walichukuliwa. Kamba ikabaki kwa wanawake. Mchana mmoja Leonidas alishuka mtoni na wazee watatu, wamembeba mkewe Jovina kwenye machela, tumbo limevimba, midomo imekauka. Gari la hospitali lilikuwa limekuja kutoka Ngara, likasimama ng'ambo.

"Ingekuwa kubwa, gari lingemfuata mlangoni," Leonidas alifoka.

Zita alikaa juu ya fundo la kamba. "Sema kwanza nani alichoma nyumba yangu."

"Zita, mtu anakufa!"

"Nimesikia. Sema."

Wazee walimsihi. Leonidas aliuma meno, akatazama maji. Zita alihisi furaha chungu kifuani, na hakutaka iishe. Ndipo Jovina alipofungua macho.

"Mama Pancras," alimwambia Zita kwa taabu, "mimi sikukuchomea."

Zita aliinuka, akawaacha wapande. Alivuta kamba hadi viganja vikachubuka, bila kumwangalia mtu.

Jovina alipasuliwa hospitalini, akapona. Aliporudi, akiwa amekonda, alimkuta Zita pale pale kwenye pantoni. Katikati ya mto Jovina akauliza, "Ungeniacha nife?"

Zita aliendelea kuvuta. Angeweza kusema hapana, na lingekuwa neno jepesi.

"Sijui," alisema.

Jovina aliitikia kwa kichwa. Walipofika ukingoni alishuka bila kushikwa mkono, akapanda njia ya kijijini polepole. Tangu siku hiyo hakukanyaga kwa Zita, wala Zita hakumlaumu. Vijana walipotoka vitani, mmoja wao alitaka kazi ya pantoni. Zita akampa, akavuka upande wa migomba, akaanza kukata miti ya kujenga nyumba pale ilipochomwa ile ya kwanza. Leonidas alituma mgambo kumkataza. Zita aliendelea kukata.